Nyani wa Itiryo na Mahindi ya Mama Ghati

Tangu nirudi Morogoro, kila anayekutana nami ananiuliza habari za simba. Wilaya niliyokwenda inaitwa Serengeti, basi mnadhani nilikuwa naamka asubuhi na kukuta twiga dirishani. Simba sikumwona hata mmoja. Nilikwenda kuokota kinyesi cha nyani, na wale mliocheka nilipowaambia hivyo kabla ya kuondoka mna ruhusa ya kuendelea kucheka. Lakini baadhi yenu mmeniuliza kwa nini nimerudi kimya, na nimekuwa nikijibu kwamba ni uchovu. Si uchovu. Naandika mara moja kwa wote, maana nikianza kusimulia kwa mdomo najijua: nikifika mahali pagumu nitapunguza.

Kazi yenyewe ni hii. Kwenye kinyesi cha mnyama hubaki chembe za utumbo wake, na ndani ya chembe hizo mna vinasaba, yaani ile asili anayorithi kwa mama na baba. Nyani jike hukaa maisha yake yote kwenye kundi alilozaliwa. Dume akishakomaa huondoka, akatafuta kundi jingine, na huko ndiko anakozaa. Madume hao wanaohama ndio wanaochanganya damu za makundi. Sasa mashamba, machimbo na barabara vikijaa katikati, madume hushindwa kupita, na kundi lililobaki peke yake huanza kuzaana ndugu kwa ndugu. Profesa wangu alitaka kujua kama nyani wa upande wa hifadhi na nyani wa vilima vya Tarime bado wanapelekeana madume, au wameshatengana. Mimi ndiye niliyetumwa, nikiwa na kijiko.

Mugumu hadi Manchira

Dereva wetu alikuwa Kaka Sospeter, mtu wa Natta, mpole, mwenye kitambi kidogo na kofia ya sufu ambayo hakuivua hata juani. Anajua Kinata, Kiikoma na Kikurya, na Kiswahili chake ni cha moja kwa moja, hakina maua. Tulitoka Mugumu asubuhi, na kabla hatujafika bwawa la Manchira gari lilianza kuchemsha. Tukakaa kando ya barabara tukisubiri lipoe, ng'ombe wakitupita, na kila mchungaji akisimama kutuuliza tumeharibikiwa nini, kisha akitazama ndani ya boneti kwa makini kana kwamba yeye ndiye aliyelitengeneza.

Nyani wa Manchira hulala kwenye miti mirefu upande wa juu wa bwawa. Niliwakuta wameshaondoka, nikavaa glavu, nikapiga magoti nikaanza kazi. Unachukua kipande kidogo kwa kijiko cha mbao, unakitia kwenye chupa yenye dawa ya kuhifadhia, unaandika alama. Wanawake waliokuja kuchota maji walisimama wakanitazama. Mmoja akauliza ninafanya nini.

Nikasimama, nikavua glavu, nikaeleza. Nilieleza vizuri sana, kama niko mbele ya darasa. Nikasema vinasaba, nikasema uanuwai, nikasema mtawanyiko. Walinisikiliza hadi mwisho kwa adabu, kisha yule aliyeuliza akamgeukia mwenzake wakasemezana kwa lugha yao, na wote wakajitwika ndoo wakaondoka haraka kuliko walivyokuja.

"Wamesema nini?" nikamuuliza Sospeter.

Akakuna kichwa juu ya kofia. "Wamesema dawa ya kinyesi cha nyani hawajawahi kuisikia, lakini waganga wa siku hizi wanavaa vizuri."

Mchana huohuo mtendaji wa mtaa alikuja na vijana wawili kutuuliza sisi ni akina nani, na ilimchukua Sospeter muda mrefu na soda kadhaa kuwaondoa wasiwasi. Tukapoteza siku nzima.

Natta

Natta tulifikia kwa shangazi yake Sospeter. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku akinipima kwa macho kutoka juu hadi chini, kisha akaniambia nimekonda na akanipa maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Nilikunywa yote, na kwa kuwa nilimaliza akadhani yamenikosha sana, akaniongeza. Sikujua kwamba mtu akitosheka huacha kidogo. Nilikwenda kulala nikiwa nimejaa kama pipa.

Nyani wa Natta ni wa aina nyingine kabisa. Wanazunguka karibu na kambi ya watalii, wanajua jikoni kuko wapi na taka hutupwa saa ngapi. Mpishi wa kambi, kijana kutoka Singida, alinionyesha dirisha lililowekwa nondo. "Hawa si wanyama, dada," akasema. "Hawa ni wapangaji wasiolipa." Palepale nyuma ya jiko niliokota sampuli nyingi bila jasho.

Jioni Sospeter alinipa ushauri ambao nimeukumbuka kila siku tangu hapo. Alisema kwa upole, asinikwaze: "Dada Edina, ukieleza mambo mengi watu wanaogopa. Tusiseme vinasaba. Tuseme tu tumekuja kwa habari ya nyani. Kila mtu huku ana habari ya nyani. Watatupokea."

Nikaona ni akili. Kesho yake tulijaribu kijiji cha jirani. "Tumekuja kwa habari ya nyani," Sospeter akasema, na watu wakafungua mageti, wakatuonyesha njia, wakatutangulia wenyewe hadi wanapolala nyani. Hatukuulizwa swali hata moja. Nilifurahi sana, wala sikujiuliza wamesikia nini katika maneno hayo.

Kuvuka Mto Mara

Kutoka upande wa Serengeti kwenda Tarime tulivuka Mto Mara. Mvua ilikuwa imenyesha juu huko, maji yana rangi ya chai ya maziwa, na kabla ya daraja lori lililobeba mbao lilikuwa limelala ubavu. Tulisubiri hapo hadi jua likaanza kuinama. Akina mama walitokea sijui wapi na karanga na mahindi ya kuchoma, na foleni ikageuka kuwa soko.

Ikabidi tulale Nyamongo. Mji wa dhahabu ule, kila mtu ametoka kwingine. Kwenye mgahawa tulipokula, meza yetu ilikuwa na fundi viatu Mwislamu kutoka Tanga, bwana mmoja mwenye ndevu nyeupe kidogo, anayeitwa Bwana Omari. Mimi niliagiza kitu kilichoandikwa ukutani "kichuri", nikidhani ni mboga ya majani. Wenye kukijua mnacheka tayari. Ni nyama iliyopikwa na majimaji ya tumboni mwa mnyama, michungu, ya kijani. Nilipotia kijiko cha kwanza mdomoni uso wangu ulisema yote, na meza nzima ikasubiri kuona kama nitatema. Nilimeza. Wakanishangilia.

Bwana Omari akaniuliza kazi yangu, na kwa kuwa yeye si mwenyeji nikamweleza kwa urefu. Aliposikia kwamba madume ndio wanaohama, akaweka kikombe chini.

"Na huko waendako hupokelewaje?"

"Mwanzoni hukaa pembeni ya kundi. Wenyeji humtisha, humfukuza. Akivumilia, majike humzoea."

"Wallahi, umenieleza mimi," akasema, na wachimbaji wa meza ya pili, watu wa Kahama na Geita, wakaangua kicheko. Ilikuwa jioni nzuri. Nilikwenda kulala nikijiona mtu anayejua kuongea na watu.

Itiryo

Tulifika Itiryo mchana, barabara ikiwa imetutikisa hadi chupa zangu zinalia ndani ya sanduku. Ni vilima, migomba, mashamba ya mahindi na muhogo yanayopanda hadi kwenye mawe. Na juu ya shamba la mama mmoja palikuwa na mwamba mkubwa uliopasuka katikati, umechafuka weupe na weusi kwa mikojo ya miaka mingi. Niliutazama kwa darubini. Ndipo wanapolala nyani. Kundi zima, mahali pamoja, na njia pekee ya kuufikia ilipita katikati ya mahindi yake.

Mama mwenyewe anaitwa Mama Ghati, kwa jina la binti yake wa kwanza. Mumewe ni mlinzi Mwanza, huja mara chache. Anaishi na mama mkwe wake, bibi mmoja mdogo wa umbo, macho yake yameshaanza kuingia ukungu. Tulimkuta Mama Ghati shambani amevaa koti zito la kiume na kofia ya mumewe, ameshika fimbo. Nilidhani ni mwanamume hadi alipogeuka.

"Nyani hawamwogopi mwanamke," akanieleza baadaye. "Wanamtazama tu. Wakiona koti wanasita."

Sospeter alimsalimia kwa Kikurya, wakaongea. Nikasikia neno nyani katikati. Uso wa Mama Ghati ukafunguka. Akavua kofia, akanishika mikono yote miwili.

"Mmekuja kwa habari ya nyani?"

"Ndiyo, mama," nikasema.

"Mungu ni mwema. Tulipeleka malalamiko mpaka tukachoka. Karibuni. Karibuni sana."

Jioni ile alichinja kuku. Alisonga ugali wa ulezi na muhogo, mweusi, laini, akaniwekea mimi firigisi, ambayo huko haipewi mtu yeyote tu. Jirani yake, Chacha, mwanamume mwenye sauti ya kujaza nyumba, alikuja na watu wengine kunisalimia. Walinieleza jinsi nyani wanavyong'oa mbegu, wanavyovunja mahindi mabichi, na kwamba siku hizi kuna dume mgeni, mkubwa, mwenye kovu puani, ambaye ndiye huwatangulia wengine kushuka.

Kisha Chacha akamgeukia Sospeter, akamwita kijana kwa Kikurya. "Sasa mura, mtawabeba kwa gari gani? Hilo dogo?"

Watu wakacheka. Sospeter akacheka nao kidogo, akanitazama. Mimi nilielewa. Nataka mjue hivyo, maana ni rahisi kusema sikuelewa, lugha ilikuwa ngeni, nilikuwa nimechoka. Nilielewa palepale, firigisi ikiwa bado mdomoni. Walidhani tumekuja kuwaondoa nyani.

Ningesema sentensi moja tu. Lakini niliuona ule mwamba, na njia yake inapita kwa huyu mama, na Manchira nilishaonja inavyokuwa nikisema ukweli. Nikasema, "Kwanza tunawachunguza."

"Sawa kabisa," Chacha akasema. "Huwezi kukamata bila kuchunguza."

Wakati wa kulala Sospeter aliniambia mlangoni, "Dada, tuwaambie kesho." Nikamjibu tutawaambia tukimaliza.

Mwamba

Asubuhi Mama Ghati alikuja na uji, amevaa gauni la kutokea na kitenge kipya. Binti yake Ghati alikuwa amejifungua hospitali ya Tarime, mtoto wa kwanza, na yeye hajamwona mjukuu kwa sababu mahindi yamebeba na shamba haliachiki hata saa moja. Bibi hawezi tena kukimbia. Majirani kila mmoja ana shamba lake la kulinda.

"Leo mtakuwa kule juu kwenye mwamba?" akaniuliza.

"Tutakuwepo."

"Mchana kutwa?"

"Mchana kutwa, mama."

Akatazama shamba, akanitazama mimi. "Basi naweza kwenda kumwona mtoto? Maana nyani leo wana mtu wao."

Nikamwambia, "Nenda, mama."

Sospeter alimpeleka kwa gari hadi barabarani kwenye magari ya Tarime, na kwa kuwa tairi moja lilikuwa linavuja akapitia kuliziba na kumsubiri arudi. Nikapanda peke yangu na sanduku la chupa, nikakaa kando ya mwamba upande wa chini ya upepo, nikasubiri.

Nyani wa pale walichelewa kuondoka. Walikaa ukingoni wakitazama chini, kama wanaokosa kitu walichokizoea. Hakuna koti, hakuna kofia. Yule dume mwenye kovu akashuka kwanza. Akakaa kwenye jiwe la mpakani, akajikuna, akageuza kichwa huku na huku. Kisha akaingia kwenye mahindi. Majike wakamfuata, na watoto migongoni mwao.

Mwamba ukabaki mtupu mbele yangu. Sijawahi kuona kitu kama kile, na wenye kazi hii watanielewa. Kila mmoja alikuwa ameacha chake pale alipolala, kibichi, hakijakanyagwa, hakijachanganyika. Dume alilala juu peke yake. Majike wenye watoto walilala kwenye mpasuko. Kwingine kote huwa nachukua siku nyingi kupata nusu ya kundi, nikihesabu mara mbili, nikikosea. Hapa kundi zima lilikuwa limepangwa kama vyombo kabatini.

Nikajua kwamba nikipiga kelele watarudi mwambani mbio, wakanyage kila kitu. Nikapiga magoti.

Nilikuwa nasikia. Mhindi ukivunjwa unatoa mlio wake, kama mtu anayevunja kijiti kikavu na kuchana nguo kwa pamoja. Nilisikia mmoja, kisha mingi. Nikajiambia nimalize upande huu wa juu. Nikamaliza, nikajiambia na huu wa mpasuko. Ndipo nikasikia sauti ya bibi. Alikuwa ametoka nje, anapiga kelele za kufukuza, sauti nyembamba inayokatika. Halafu akaanza kuniita.

"Mtaalamu! We mtaalamu! Wako huku!"

Sikuitika. Nilikuwa nimeshika chupa mkono mmoja na kijiko mkono mwingine, na nikaendelea. Aliniita tena na tena. Nadhani alidhani nimeanguka, maana mwishoni sauti yake ilibadilika, ikawa ya mtu anayeuliza kama uko mzima.

Niliteremka nilipofunika chupa ya mwisho.

Bibi alikuwa amekaa chini ukingoni mwa shamba, fimbo pembeni, anahema. Aliponisikia akasema, "Uko salama? Nilidhani wamekuumiza." Nikaingia kwenye mahindi nikipunga mikono, nikapiga kelele. Majike waliniangalia, wakahama mistari michache, wakaendelea kula. Mpaka Chacha alipotoka upande wa pili na mbwa wake ndipo walipoondoka, tena bila haraka.

Mama Ghati alirudi alasiri pamoja na Sospeter. Alikuwa anaongea tangu yuko mbali, anamwambia bibi kwamba mtoto ni wa kiume, ana masikio ya babu yake. Alipofika penye uwazi akaona. Alisimama akitazama mabua yaliyolala. Aliingia akatembea hadi katikati, akaokota mhindi ulioumwa mara moja na kutupwa, akauchomoa nyuzi zake polepole kana kwamba anataka kuumenya. Kisha akaja kwangu.

"Ulikuwa wapi?"

"Juu ya mwamba."

"Hukuwaona?"

Watu walishaanza kukusanyika. Nikasema, "Niliwaona."

"Na mama alipokuwa akikuita?"

"Nilimsikia."

Chacha akauliza kwa sauti yake ile kubwa, lakini safari hii bila kicheko, "Basi mtawaondoa lini?"

Sospeter akasogea mbele. "Ndugu zangu, kosa ni langu. Mimi ndiye niliyesema tumekuja kwa habari ya nyani. Sikueleza vizuri." Alivua kofia yake. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona kichwa, kina upara katikati, na niliona aibu kumtazama.

Nilimwacha aseme. Si kwa muda mrefu, lakini nilimwacha, na katika muda huo nilihisi nafuu. Kisha nikaona Mama Ghati hamtazami yeye, ananitazama mimi.

"Si yeye," nikasema. "Nilijua mnachofikiri tangu jana usiku. Sikuja kuwaondoa. Sina uwezo huo. Nimekuja kuchukua kinyesi chao, kujua kama wana undugu na nyani wa kule hifadhini, kama madume bado wanafika huku kutoka mbali. Makundi yakikatika yanadhoofika."

Mwanamke mmoja nyuma akauliza, "Yakidhoofika si ndiyo vizuri?"

Kwenye maandishi yetu nina majibu ya swali hilo, kurasa nyingi.

"Kwa hiyo wewe unataka wawepo," Mama Ghati akasema.

"Ndiyo, mama."

"Ungesema." Hakupaza sauti. "Ungesema tu hivyo. Ningekuzuia kupita? Njia ni njia. Ungepita, mimi ningekaa na shamba langu. Mtoto ningemwona siku nyingine."

Akamshika mama mkwe wake mkono, wakaingia ndani. Watu wakatawanyika, na hakuna aliyenitukana. Ningependelea wanitukane.

Sirari, na kurudi tena

Kesho yake tulivuna na Mama Ghati yaliyobaki, hata yale ambayo hayajakomaa vizuri, maana nyani wakishaonja hurudi. Nilibeba vikapu kutoka shambani hadi uani, glavu nimeziacha garini, viganja vikachanika kwa majani. Mama Ghati alisema nami yale ya lazima tu: weka hapa, leta kile, kunywa maji. Alinipa chakula kama kawaida. Bibi ndiye aliyeniuliza habari za nyumbani kwetu, kama nina wazazi, kama mvua zimenyesha Morogoro.

Mchana mimi na Sospeter tulikwenda Sirari kutafuta mahindi. Mpakani pale Kiswahili kinageuka ghafla. Muuzaji, mwanamke Mkenya mchangamfu, alinipokea: "Madam, karibu, hii mahindi ni poa sana, haijaguswa na wadudu. Ni ya kazi gani, harusi?"

"Si harusi."

"Matanga? Pole."

Sikujua matanga ni msiba, nikasema ndiyo ili tumalize. Akawaita vijana wapakie taratibu, kwa heshima, na alipokuwa ananipungia mkono akaniambia Mungu anitie nguvu. Sospeter alinieleza njiani. Alikuwa hajaongea nami tangu jana, na hata hapo hakucheka.

"Kaka, nisamehe," nikamwambia. "Nilikuacha ubebe."

Akaendesha kwanza. Tulipita kilima kizima. "Mimi ni wa huku," akasema. "Wewe utaondoka. Wataulizana dereva yule ni wa nani, watasema ni Mnata, mtoto wa fulani. Watanikumbuka mimi." Kisha akaongeza, "Lakini ulisema mwenyewe mwishoni. Nilisikia."

Magunia tuliyashusha uani kwa Mama Ghati. Alifungua moja, akachota konzi ya punje, akaziacha zimwagike kati ya vidole.

"Ni mazuri," akasema. "Asante. Haya ni ya dukani. Yale nililima mimi."

Nikasema najua. Akasema hapana, hujui, lakini asante. Akatufungia mahindi ya kuchemsha tule njiani.

Tuliondoka Itiryo asubuhi, tukapitia Tarime. Sospeter alisimamisha gari karibu na hospitali bila kuniuliza. Alikuwa amebeba kifurushi kutoka kwa Mama Ghati kwenda kwa binti yake, akaniuliza kama nataka kuingia. Nilibaki garini. Aliporudi akasema mtoto ni mzima.

Nyumbani

Sampuli za Itiryo ndizo zilizotoka vizuri kuliko zote. Hakuna iliyoharibika. Katika maabara walizipitia, na kati ya mengine wakaona kwamba yule dume mwenye kovu hana mama katika kundi lile. Ukoo wa mama yake unafanana na ule wa nyani tuliowachukulia sampuli upande wa Natta, ng'ambo ya mto. Kwa hiyo bado wanapita. Katikati ya machimbo, mashamba, mbwa na barabara, bado wanapita. Ni habari njema kwa kazi yetu, na siwezi kusema sikufurahi.

Profesa aliyasoma matokeo hayo mbele ya wenzetu wote. Akaniuliza, "Edina, ulifanyaje kulipata kundi zima kwa asubuhi moja?"

Nikasema, "Nilibahatika."

Wakapiga makofi. Usiku ule sikuweza kukaa na neno hilo. Asubuhi nilikwenda ofisini kwake nikamweleza yote, kuanzia firigisi hadi sauti ya bibi. Alinisikiliza vizuri. Mwishowe akasema ni jambo la kusikitisha, ila sampuli ni sampuli, na tuangalie namna ya kuwapelekea wanakijiji matokeo. Nilitoka pale nikiwa vilevile nilivyoingia.

Jumamosi iliyopita nilimpigia Mama Ghati. Namba yake nilipewa na Sospeter baada ya kumwomba sana. Nilikuwa nimejiandaa kumwomba radhi kwa maneno yaliyonyooka, halafu nimweleze habari za yule dume, kwamba tumejua atokako.

"Shikamoo, mama. Ni mimi Edina, yule wa nyani."

"Marahaba. Ulifika salama?"

"Nilifika. Bibi hajambo? Mjukuu?"

"Wote wazima. Mtoto ameletwa huku, analia sana huyu."

"Mama, nimepiga kwa sababu nilitaka kukuambia..."

"Subiri," akasema. Nikasikia simu ikiwekwa mahali, kisha miguu ikikimbia, kisha sauti yake ikienda mbali, kali, ikipigana na kitu. Mtoto akaanza kulia. Sauti ya bibi nayo ikaingia, nyembamba. Nilikaa kitandani kwangu Morogoro nikiwasikiliza, sijui kwa muda gani. Hatimaye akarudi akihema.

"Haya, nakusikiliza. Ulitaka kuniambia nini?"

"Nisamehe, mama."

"Nimesikia," akasema. "Sasa nakata, mwanangu. Wako kwenye muhogo."